Fundi wa Wiyoni na sanduku la motokrosi la Hillary

Kumekucha Wiyoni, na paka wamefika kabla ya mwandishi. Wamejipanga kwenye baraza ya Mselem Abdulwahid, macho yote mkononi mwake. Mselem ana kopo la sifa, yale mafuta ya papa ambayo watu wa Lamu huyapaka vyombo vyao ili mbao zisiliwe na chumvi. Anachovya kitambaa, anasugua, anageuza, anasugua tena.

Kinachosuguliwa si mbao. Ni habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele la pikipiki ya motokrosi, zile pikipiki zinazoshindana kwenye matope na vilima, zikiruka hewani na kutua kwa kishindo. Habu hii ilitengenezwa Japani zaidi ya miaka arobaini iliyopita, kwa ajili ya waendeshaji wa kiwanda chenyewe. Haikuwahi kuuzwa dukani.

"Shika," anasema, akimnyooshea mwandishi. Ukiitazama unatarajia uzito. Ukiishika, mkono unapanda wenyewe. Ni magnesiamu, madini mepesi yaliyopendwa sana na mafundi wa mbio, lakini hewa ya bahari huyala yakawa unga. Wenzake wa ng'ambo wanaokusanya vipande kama hivi huvihifadhi kwa mafuta ya bei kali. Mselem ana sifa yake, na harufu anaivumilia.

Asiyeivumilia ni mkewe, Bi Huwaida, ambaye anapita na sinia la maharagwe akiwaruka paka mmoja mmoja. "Wanawake wenzangu huogopa kuletewa mke mwenza," anasema. "Mimi nimeletewa paka wa Wiyoni wote."

Mselem, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, hutengeneza injini za boti. Siku njema humpa shilingi elfu mbili hivi, siku nyingine humpa salamu tu, na zote anazishukuru. Lakini kwenye vikundi vya simu vya watu wanaosaka spea za pikipiki za zamani za mashindano, kuanzia Ubelgiji hadi Australia, hajulikani kwa boti. Wanamwita Mselem wa Lamu, na wakikwama na kipande wasichokitambua humtumia picha.

Majirani walimcheka muda mrefu. Walimuuliza pikipiki za kuruka atazirusha wapi, katika mji ambao punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja lazima arudi kinyumenyume. Aliwaacha wacheke. Sababu ya kukusanya kwake hakumwambia mtu ila mkewe, kwa maana ilikuwa sababu ya aibu.

Alikuwa amewekewa amana, na kipande kimoja cha amana hiyo kilikuwa kimepotea mkononi mwake.

Habari yenyewe ilianzia Mombasa katikati ya miaka ya themanini, alikokwenda akiwa kijana kujifunza ufundi katika gereji moja. Hapo ndipo alipomjua Hillary, mwendeshaji wa motokrosi kutoka Nakuru, kijana mrefu mwenye kelele na moyo mkubwa. Mselem alimwoshea pikipiki, baadaye akamfungulia injini, mwisho wakawa wanakula sahani moja.

Msimu mmoja, Hillary alikopeshwa na kiwanda pikipiki ya timu. Mselem anakumbuka siku waliyoifungua kreti. Anasema kila bolti ilikuwa nyepesi na kila kitu kilikuwa kimepunguzwa mpaka kikabaki kile kinachohitajika tu. Viwanda vilitengeneza vitu hivyo vichache, vya kushindia, na msimu ukiisha vingi vilirudishwa au vilivunjwa. Pikipiki ile nayo ilirudi Japani. Lakini sanduku la spea zake, nyingine zikiwa zimekwisha kutumika mbioni, aliachiwa Hillary kama zawadi.

Mwaka uliofuata Hillary alianguka vibaya, nyonga ikavunjika, mbio zikamwisha. Akapata kazi kusini mwa Afrika. Jioni ya kuondoka alimkabidhi Mselem sanduku akamwambia, "Niwekee. Nitalifuata." Wakapeana mikono. Enzi hizo hapakuwa na simu ya kumfuata mtu mfukoni, na baada ya barua mbili tatu, Hillary alinyamaza.

Mselem alirudi Lamu na sanduku hilo, akaliweka nyumbani kwa mama yake, Bi Ruba, katika nyumba ya zamani ya ukoo, mtaa wa Mkomani. Mama alitaka kujua mwenye sanduku ni nani. Mselem akamweleza kuwa ni rafiki, si mtu wa huku, wala si Mwislamu. Bi Ruba akajibu kwamba amana haina dini.

Akataka pia kujua kilichomo. Mselem akamfungulia, akamwonyesha kipande kwa kipande kama mtu anayeonyesha mahari. Alipofika kwenye kava la klachi, bamba la magnesiamu linalofunika ubavu wa injini, alimwambia kuwa hilo ndilo roho ya sanduku. Vingine huenda vikapatikana duniani. Hilo, hapana.

Muda mfupi baadaye Mselem alipata kazi ya jenereta katika hoteli moja ndogo ya kisiwa cha Kiwayu. Alikuwa huko Bi Ruba alipopata kiharusi. Habari ilimfikia kwa boti, naye akaondoka hapohapo, lakini bahari haikimbizwi. Alipofika Lamu mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

"Nilikuta nyumba imejaa watu, na sauti ya mama haimo," anasema. Hapa anaiweka habu chini, na paka mmoja anachukua nafasi ya kuinusa. "Siku ya hitima nilifungua sanduku, ili nishike kitu alichokishika yeye. Kava halimo."

Msomaji wa mbali atauliza kwa nini hakuuliza. Mtu wa Lamu hatauliza. Matangani huulizi kilichopotea, kwa sababu waliopita katika nyumba hiyo ni waliokuja kukufariji, na swali lako, hata ulilainishe vipi, litawavua nguo.

"Mtu amekuja kunizikia mama yangu, amemwombea, ameosha sufuria zangu, kisha nimuulize kama ameona chuma changu? Ulimi haukuinuka," anasema Mselem. "Nikasema nitauliza baadaye. Baadaye ikazidi kuwa mbaya, maana ungeuliza leo kitu cha mwaka jana watu wangesema, kumbe muda wote huu alikuwa akitushuku."

Akaazimia jambo moja. Amana imepotea chini ya ulinzi wake, basi atailipa. Si kwa pesa, kwa kuwa hakuna bei ingelipa kitu kile, bali kwa kava jingine la aina ileile. Na hivyo ndivyo fundi wa boti alivyogeuka msakaji wa spea za motokrosi.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Akitafuta kava, akapata vinginevyo. Habu anayoisugua leo aliikuta Kiwayu, kwenye pikipiki iliyoachwa na mgeni mmoja na kuzeekea nyuma ya stoo ya hoteli. Kabureta ilitoka Ubelgiji, kwa mzee mmoja aliyekubali kubadilishana kwa kisanduku cha nakshi. Tangu hapo mafundi seremala wa mjini humchongea visanduku, naye huvipeleka posta, na kila kisanduku kinachoondoka hurudi kikiwa ekzosi au rimu.

Kipande kinachomchekesha zaidi ni ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Alikwenda kisiwa cha Ndau kutengeneza injini ya mvuvi aitwaye Barka, akamwona mzee huyo akisokota kamba kwa kijiti cha chuma kinachong'aa. Barka alikinunua sokoni Mombasa katika fungu la vyuma chakavu, na kwa miaka yote ya maji ya chumvi hakijawahi kushika kutu. Mselem akakipima kiganjani. Ilikuwa titani, ekseli ya pikipiki ya kiwanda.

Barka hakutaka kuiachia. Walivutana mpaka adhuhuri, wakasali, wakala, wakavutana tena. Mwisho walielewana kwamba Mselem atamletea kijiti kingine na kuitunza injini yake mwaka mzima bila malipo. Kijiti kipya kiliota kutu mwezi wa kwanza, na Barka analalamika mpaka leo. Injini yake bado hailipishwi.

Kava halikupatikana. Siku moja mzee wa Ubelgiji alimtumia picha ya moja, likiwa kwenye kabati la kioo la tajiri asiyeuza. Mselem aliitazama picha ile, anasema mkewe, kama mtu anavyotazama picha ya mtoto aliye mbali.

"Kila usiku wa Ramadhani tunainua mikono pamoja," anasema Bi Huwaida. "Mimi naomba pepo. Yeye, najua, anaomba kava."

Anacheka akisema hivyo, kisha anaacha kucheka. Anaeleza kuwa mumewe alipougua kifua miaka michache iliyopita, hofu yake haikuwa kufa. Alihofia kufa akiwa na deni la mtu ambaye hata hajui yuko wapi, aje kuulizwa kitu alichopewa mkononi na asiwe nacho. Hilo lilikuwa likimkondesha.

Mwaka jana picha ya Mselem akiwa na habu yake ilizunguka kwenye vikundi vile vya simu mpaka ikamfikia binti wa Hillary, aliyekuwa akitafuta picha za zamani za baba yake. Jioni moja simu ya Mselem ikalia, na sauti aliyoijua tangu Mombasa ikamwita kwa jina. Hillary alikuwa amestaafu na kurudi Nakuru.

Walisalimiana, wakacheka, wakaulizana walio hai na waliotangulia. Kisha Mselem akakaza moyo akasema, "Sanduku lako liko."

Hillary akauliza, "Sanduku gani?"

Alikuwa amesahau. Maisha yalimpeleka huku na kule, kazi, ndoa, watoto, upasuaji wa nyonga, na sanduku likatoka kichwani mwake. Alipokumbushwa alipiga ukelele wa furaha, akasema baada ya Idi atakuja Lamu kumwona rafiki yake. Mselem akamkaribisha kwa heshima zote, akakata simu, akakaa chini.

Bi Huwaida anakiri kuwa ni yeye aliyemtia jaribuni. Alimwambia mumewe kwamba mtu aliyesahau sanduku zima hawezi kukumbuka kava moja, ampe vilivyopo, wale biriani, yaishe.

Mselem akamjibu, "Yeye kasahau. Mimi sikusahau."

Wiki zikapita, usingizi ukamtoka. Mgeni alikuwa afikie Mkomani, katika nyumba ile ya ukoo, ambako siku hizi anaishi Bi Nana, mdogo wa marehemu Bi Ruba. Ikabidi Mselem aende kumwomba mama yake mdogo amwandalie mgeni chumba. Na kwa kuwa mgeni angekabidhiwa sanduku pungufu mbele ya macho ya Bi Nana, aliona afadhali aibu hiyo aisikie kwake kuliko aione. Akafunga mlango, akainamisha kichwa, akamwambia kuwa siku za msiba wa mama, kava la amana lilipotea.

Bi Nana ana miaka themanini na ushei.

"Limepoteaye?" akamuuliza kwa Kiamu, yaani limepotea vipi. "Mamako alilitia ukutani kwa mkono wake. Nali nikiyua wewe wayua."

Nyumba za zamani za Lamu zina vidaka, vijishubaka vilivyochongwa ukutani vya kuwekea mapambo. Mselem akiwa Kiwayu, Bi Ruba alikuwa akipiga nyumba chokaa kabla ya Maulidi. Nyumba ya Maulidi huingia kila mtu, na kitu alichoambiwa ni roho ya sanduku hakutaka kikae karibu na mikono ya wapitaji. Akafanya kama bibi yake alivyofanya kwa dhahabu kila aliposafiri. Alilifunga kava kwenye kitambaa, akalilaza ndani ya kidaka cha chini, akaziba kwa mawe na chokaa, akapaka juu mpaka ukuta ukawa mmoja. Aliyemshikia ndoo ni Bi Nana. Mselem angeambiwa na mama yake akirudi, lakini aliporudi, hakumkuta wa kumwambia.

Mwandishi alimuuliza Bi Nana ilikuwaje asiseme miaka yote hiyo, akimwona Mselem anahangaika na vyuma. Alijibu kwamba alidhani dada yake alikwisha kumpelekea habari Kiwayu, na vyuma vile aliona ni wazimu tu, kama wengine wenye wazimu wa njiwa. Na zaidi ya hayo, hakuulizwa.

"Amana haisemwi ndiani, mwanangu," alisema. "Mimi nilimwona kanyamaa, nikasema, huyu kalelewa vyema."

Basi wawili hao walikuwa wamenyamaziana kwa adabu, mmoja akiogopa kushuku watu, mwingine akiona fahari kwamba kijana anajua kutunza siri, na kati yao ukuta mmoja.

Aliitwa Abdulkadir, fundi wa chokaa, aje na tindo na nyundo. Aligonga polepole, kwa maana Bi Nana alikuwa amesimama nyuma yake akimhimiza asimharibie nyumba. Chokaa ikamwagika, jiwe likatoka, la pili likatoka. Abdulkadir akaingiza mkono mpaka kiwiko, akatoa kifurushi cha kanga iliyopauka.

Mungu si Athumani. Ndani ya kanga kava lilikuwa zima, rangi ya majivu, halina shimo wala unga. Abdulkadir anasema chokaa iliyokauka ina siri zake, haikili kila ilichokifunika. Mselem hana habari na siri za chokaa. Yeye anasema aliisikia kanga ile ikinukia udi wa mama yake, akakaa sakafuni katikati ya kifusi akalia kwa sauti, mtu mzima na ndevu zake, wala hakuona haya.

"Nilikuwa nimebeba hesabu ya kwamba nilipoteza kitu siku nilipompoteza mama," anasema. "Kumbe yeye ndiye aliyenitunzia. Amelala kaburini na amana ya mwanawe iko mahali pake. Nimshukuru vipi?"

Hillary alifika baada ya Idi, na fimbo ya kutembelea, akaegemea bega la Mselem kutoka gatini mpaka Mkomani. Sanduku lilifunguliwa juu ya mkeka. Mselem alimkabidhi kipande kwa kipande, na kwa kila kimoja Hillary aliombwa aseme amepokea, mbele ya Bi Nana na Abdulkadir kama mashahidi. Mgeni alianza akitabasamu. Katikati akaacha kutabasamu.

Kava lilitoka mwisho. Hillary aliligeuza upande, akakuta sehemu iliyolika na kulainika, pale buti lake la kulia lilipokuwa likisugua kwenye kila mbio. Akaweka kidole hapo, hakukiondoa.

"Mimi nilisahau," alimwambia mwandishi kwa simu kutoka Nakuru. "Nimeishi miaka yangu yote nikidhani zile siku zimekwisha, hazina shahidi. Kumbe kuna mtu alikuwa amekaa nazo, anazipaka mafuta."

Usiku ule, baada ya biriani, Hillary alisema alichokuwa amekipanga tangu kwenye mkeka. Alimwambia Mselem sanduku ni lake sasa, halali yake, amelifanyia kazi kuliko mwenyewe. Bi Huwaida anasema alifumba macho, kwa sababu alijua jinsi mumewe anavyolipenda kava lile, na alijua pia atakalojibu.

"Nimekaa nalo maisha yangu yote ili nilirudishe," Mselem alimjibu. "Ukinipa, nitakuwa nimelirudisha lini?"

Kesho yake hamali alilisukuma sanduku kwa mkokoteni hadi gatini, likapanda boti na mwenyewe, na Mselem akasimama mpaka boti ikageuza kuelekea Mokowe, bara. Anasema alirudi nyumbani, akalala, akaamshwa kwa sala ya alasiri, na hakumbuki tangu lini alikuwa amelala mchana.

Siku hizi wanapigiana simu kila Ijumaa. Hillary anaunda pikipiki mfano wa ile iliyorudi Japani, akianzia na vipande vya sanduku, na Mselem humwelekeza bolti ipi iende wapi, mara nyingine kwa ukali. Chumba cha nyuma cha nyumba ya Wiyoni nacho kina pikipiki, iliyounganishwa kwa vyote alivyovikusanya akitafuta kulipa. Ina rimu, ekzosi, kabureta, na ekseli ya Barka imo. Injini iko wazi ubavuni, imefunikwa na kipande cha bati. Inachokosa ni kimoja tu, kava la klachi.

Kwa hiyo anaendelea kutafuta kava la aina ileile. Amewaandikia tena watu wa Ubelgiji, ameagiza visanduku vipya vya nakshi, na Hillary ameahidi kuwasumbua waendeshaji wenzake wa zamani mpaka wamchoke. Wote wanajua kwamba huenda lisipatikane. Mwandishi alipomuuliza kama hachoki kuanza upya, Mselem alifuta mikono kwenye kikoi, akaangalia lile bati, akatabasamu.

"Zamani nililitafuta nisije nikaaibika mbele ya mwenyewe na mbele ya Mungu," alisema. "Sasa nalitafuta kwa sababu nalitaka tu. Hujui raha yake."